Serikali Ndogo Inauzwa Bei Gani Silanga?

Tarehe 5 Julai 2024, siku kumi baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais William Ruto aliwatangazia Wakenya kwamba serikali itajipunguza. Mashirika 47 ya umma yangevunjwa. Washauri wa serikali wangepunguzwa kwa nusu. Bajeti za ofisi za mke wa Rais na mke wa Naibu wa Rais zingeondolewa, na magari mapya ya serikali yasingenunuliwa kwa miezi 12. Niliyapokea matangazo hayo kwa furaha, na sidhani kuna mlipa kodi aliyeyasikitikia. Lakini tangu hapo wanasiasa wa mirengo yote wameendelea kuisifu serikali ndogo utadhani ni kitu ambacho Mkenya hajawahi kukionja. Wapo Wakenya walioishi ndani ya serikali ndogo tangu walipozaliwa. Wanaishi Silanga, Kibera, na bei yake wanaijua kwa kichwa.

Kwa hiyo nataka niifanyie serikali ndogo kile ambacho mnunuzi makini hukifanya sokoni: niulize bei, nipime ujazo, kisha nimtazame vizuri anayeuza.

Silanga iko upande wa kusini wa Kibera, inateremka hadi ukingoni mwa Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953, na kuna miaka watu walikuwa wakija hapo kuendesha mashua za tanga. Leo limefunikwa na magugu, na maji yanayoliingia yamepitia kwanza mitaro ya vijiji vilivyo juu yake. Mkazi wa Silanga anaamka hatua chache kutoka kwenye bwawa zima, kisha anatafuta shilingi 5 za mtungi mmoja wa maji.

Tuanzie kwenye mtungi huo. Lita 20 kwa siku za kawaida ni shilingi 5. Mfereji ukikauka bei inapanda, na hakuna notisi inayobandikwa popote.

"Mathe, maji ni ngapi leo?"

"Kumi. Mfereji umekauka tangu Jumatatu, hata mimi nimeyafuata mbali."

Shilingi 5 kwa lita 20 ni shilingi 250 kwa uniti moja ya lita 1,000. Sasa tuangalie upande wa pili wa jiji. Kwa miaka kadhaa, kabla ya bei kupandishwa, mteja mwenye mita ya kampuni ya maji ya Nairobi alilipa shilingi 204 kwa uniti 6 za kwanza. Ukiongeza ada ya majitaka, ambayo ilikuwa asilimia 75 ya bili ya maji, anafika shilingi 357. Uniti 6 ni mitungi 300. Mitungi 300 Silanga ni shilingi 1,500, na hapo hujapata bomba la majitaka wala mtu wa kukubebea hadi mlangoni. Bei ya mita imepanda tangu wakati huo, lakini haijapanda hata kukaribia ya mtungi. Siku ambazo mtungi ni shilingi 10, maji hayo hayo ni shilingi 3,000.

Ubora nao una bei. Mipira ya plastiki inayoleta maji Silanga hupita ndani ya mtaro ule ule unaobeba uchafu. Ilipopasuka imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli au karatasi ya nailoni. Mfereji ukiwa na presha, maji yanavuja kutoka ndani kwenda nje, na hilo lina afadhali. Presha ikikatika wakati wa mgao, uchafu ulio nje unafyonzwa kuingia ndani, na maji ya kwanza yanayotoka baada ya mgao ndiyo mabaya kuliko yote. Mama anayejua hilo huyamwaga, na amekwisha kuyalipia. Au huyachemsha kwa makaa aliyonunua kwa mkebe. Au hutia dawa. Kila njia ni shilingi nyingine juu ya zile 5.

Mtu asiniambie kwamba hiyo ndiyo bei halali ya kufikisha maji penye vichochoro vyembamba. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ya maji ilifunga mashine za kuuza maji kwa kadi huko Mathare, mtaa wenye vichochoro kama vya Kibera. Mtungi wa lita 20 ulikuwa senti 50. Ni jiji lile lile, na mkono wa umma ulipofika hadi kwa mnunuzi wa mwisho, bei ikawa sehemu moja ya kumi.

Choo kinafuata hesabu hiyo hiyo. Ploti nyingi hazina choo, au kipo kimoja kwa milango mingi. Vyoo vya kulipia hutoza shilingi 5 hadi 10 kila unapoingia. Nyumba yenye watu wazima wawili na kijana mmoja, kila mtu akiingia mara moja kwa siku kwa shilingi 5, inamaliza shilingi 450 kwa mwezi. Watoto wadogo mara nyingi huachiwa bure. Usiku choo kimefungwa, au njia ya kukifikia haimfai msichana kupita peke yake, na hapo ndipo mfuko wa plastiki hutumika. Hakuna mtu Silanga aliyechagua hivyo kwa sababu anapenda soko huria.

Stima ina chaguo mbili. Ya kwanza ni waya wa mtaani, unaounganishwa na jamaa anayejua nguzo iko wapi. Hulipwa kwa mwezi, kwa kawaida shilingi 300 hadi 500, hata ukitumia taa moja tu. Ya pili ni mita ya tokeni ya Kenya Power. Miaka ya 2010, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kampuni hiyo iliwaunganisha wakazi wa mitaa ya mabanda kwa shilingi 1,160 badala ya makumi ya maelfu yaliyotozwa kwingine. Kwa nyumba yenye balbu mbili, simu na redio, tokeni ni rahisi kuliko waya wa mtaani, kwa kuwa anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi ana bei yake ya chini. Waya wa mtaani unafaa kwa pesa pale tu unapopikia kwa koili, na koili juu ya waya ule ndiyo chanzo cha mioto mingi inayoteketeza safu nzima ya nyumba za mabati usiku mmoja. Kenya Power wanapopita kukata nyaya, pesa yako ya mwezi imekwenda na hakuna risiti ya kuidai.

Nimeweka pamoja maji shilingi 750 (mitungi 5 kwa siku), choo 450, na stima 400. Ni shilingi 1,600 kila mwezi, kabla ya kodi ya nyumba, unga na karo. Kijana wa mjengo anayepata kama shilingi 600 kwa siku anafanya kazi karibu siku tatu kwa ajili ya vitu ambavyo mtu wa mtaa wenye mabomba hupata kwa nusu ya hapo. Huu ndio uchumi wa kadogo. Unanunua kidogo kidogo kwa sababu huna pesa ya kununua kingi, na kwa sababu unanunua kidogo unalipa zaidi kwa kila lita.

Mwanasiasa wa serikali ndogo husema kwamba serikali ikitoka, raia anabaki na pesa yake mfukoni. Silanga inaonyesha pesa inakwenda wapi. Anayekusanya tu ndiye hubadilika. Badala ya kaunti na mamlaka ya kodi, anakusanya mwenye mpira wa maji, mwenye waya, mwenye choo, na kijana anayelinda kichochoro. Tofauti ni kwamba hao huwapigii kura ya kuwaondoa, na mkaguzi mkuu wa hesabu hawafikii.

Juu ya hayo, mkazi wa Silanga hajasamehewa kodi ya serikali. Anaponunua sabuni amelipa kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli, na walioumia ni wanaopikia stovu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15, na hakuna mtu Kibera anayeishi bila M-Pesa. Mkono wa kukusanya unafika hadi chumba cha mwisho penye bwawa. Mkono wa nguvu nao unafika. Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupasua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu walilala nje pamoja na watoto wao, shule nazo zikiwa zimebomolewa. Mambo haya mawili hayakosi bajeti kamwe. Kinachokosa bajeti ni bomba.

Kisha kuna ardhi, na hapa ndipo ninapoikasirikia zaidi hoja ya serikali ndogo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera ni ya serikali. Wanubi walipewa makazi hapo tangu enzi za wanajeshi wa King's African Rifles, na mwaka 2017 jamii yao ilipata hati ya ekari 288. Kwingine, Silanga ikiwemo, mwenye nyumba anamiliki mabati, mbao na udongo, na ardhi iliyo chini si yake. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba wenye nyumba wengi hawaishi Kibera, na kwamba miongoni mwao wamo watumishi wa serikali na wanasiasa. Walizipata nafasi hizo kwa idhini ya chifu na wakuu wa utawala wa mikoa. Fikiria maana yake kwa mpangaji anayelipa shilingi 2,500 kwa chumba cha futi 10 kwa 10. Ardhi ni ya umma, kodi inakwenda mfukoni mwa mtu binafsi, hakuna mkataba, na mtu huyo anaweza kuwa ndiye anayesema majukwaani kwamba serikali haina biashara ya kujenga nyumba. Msimamo huo kwake si nadharia. Serikali ikijenga nyumba au ikitoa hati kwa wapangaji, biashara yake imekwisha.

Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, inasaidia kuliona jambo hili vizuri zaidi. Huko ploti nyingi zina hati za watu binafsi, kwa sababu Dagoretti, eneo ambamo mtaa huo upo, ilikuwa ardhi ya familia kabla jiji halijaifikia. Mwenye ploti ana jina, ana hati, na anaweza kwenda kuomba mita ya maji na ya stima. Kodi ya chumba Kawangware huwa juu kidogo kuliko ya Silanga, lakini unapolinganisha weka vyote pamoja: chumba cha 4,000 chenye mfereji uani na choo ndani ya ploti kinaweza kukutoka rahisi kuliko cha 2,500 ambacho kila tone na kila haja inalipiwa nje. Ukihama kutoka Silanga kwenda Kawangware, usiulize kodi peke yake. Uliza maji yanakuja siku ngapi kwa wiki na tangi la ploti lina ujazo gani, kwa kuwa huko nako, wakati wa kiangazi, mikokoteni ya mitungi hupita tangu alfajiri ikiuza kwa bei ya dhiki. Kilichoipa Kawangware afadhali hiyo ni hati, na hati hutolewa na serikali.

Nisingependa kuonekana kama ninadhani kila anayetetea soko ni mnafiki. James Tooley, profesa wa elimu kutoka Uingereza, alifika Kibera mwaka 2003, mwaka ambao elimu ya msingi ya bure ilianza. Yeye na wenzake walihesabu shule 76 za kibinafsi zenye wanafunzi zaidi ya 12,000, katika mtaa ambao maafisa wengi walidhani hauna shule za namna hiyo. Aligundua kwamba wazazi maskini walikuwa wakilipa karo kwa hiari, wengine wakiwarudisha watoto kutoka shule za serikali zilizofurika. Hilo ni kweli, na ni heshima kwa wazazi hao. Darasa la shule ya serikali kama Olympic au Ayany lilipojaa watoto wasio na pa kukaa, mama aliyelipa shilingi mia kadhaa kwa mwezi shule ya jirani alikuwa anafikiri sawasawa.

Ila watetezi wa serikali ndogo duniani waliichukua Kibera wakaifanya ushahidi kwamba maskini hawahitaji serikali. Hapo ndipo tunapoachana. Watoto wa shule hizo walifanya mtihani wa serikali, kwa mtaala wa serikali, wakitafuta nafasi katika sekondari za serikali. Bridge International Academies, iliyoanzia Mukuru mwaka 2009 ikisifiwa kuwa elimu bila mzigo wa urasimu, ilipata mtaji kutoka tawi la Benki ya Dunia, ambayo wenye hisa wake ni serikali, na pia fedha za umma za Uingereza. Tawi hilo lilijitoa mwaka 2022. Tarehe 23 Septemba 2019, asubuhi, darasa la Precious Talent, shule ya kibinafsi huko Dagoretti, si mbali na Kawangware, liliporomoka likaua watoto 8. Wazazi wao walikuwa wamechagua. Walilinganisha karo, umbali na walimu. Jambo moja ambalo mzazi hawezi kulilinganisha kwa macho ni kama nguzo zitashikilia sakafu ya juu, na kazi hiyo ina mwenyewe, mkaguzi wa majengo anayelipwa kwa kodi. Serikali ndogo kuliko inavyopaswa huanza kwa kumwachisha kazi mkaguzi, kwa sababu hana wafuasi wa kumlilia.

Mzazi wa Silanga anayechagua leo na apime hivi. Serikali hupeleka shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma, na shilingi 15,042 kwa kila mtoto wa sekondari msingi. Pesa hizo mara nyingi huchelewa, na shule za umma hutoza hiki na kile. Lakini kwa mtoto wa gredi 7 hadi 9 tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza, maana shule ya mtaani yenye karo ya chini haiwezi kununua maabara. Kwa mtoto wa gredi za chini, idadi ya watoto darasani na umbali wa barabara ya kuvuka vinaweza kuipa shule ya jirani ushindi. Kabla hujalipa, zunguka jengo lote, panda ngazi, uulize usajili.

Kwenye afya hesabu imebadilika. Kwa miaka mingi Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na kliniki Silanga penyewe, bila malipo, kisha mwaka 2017 wakaondoka Kibera na kuikabidhi kaunti kazi. Bima mpya ya SHA ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 kwa asilimia 2.75 ya mapato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Hiyo ni chini ya 500 zilizolipwa kwa bima ya zamani, NHIF, isipokuwa asiye na ajira rasmi alitakiwa, bima mpya ilipoanza, kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, shilingi 3,600 kwa anayelipa kiwango cha chini. Mama mboga hana 3,600 siku moja. Anazo 10 na 20 za kila siku, na mpango wowote usiojua kadogo hautamfikia. Hata hivyo, ukiwa na mtoto mdogo au mimba nyumbani, ningekushauri uitafute hiyo pesa kwa chama, kwa sababu kitanda kimoja cha kliniki ya kibinafsi kwa siku mbili huweza kuimaliza.

Kukata matumizi kwenye afya tulikwisha kukujaribu. Mwaka 1986 serikali ya Daniel arap Moi ilitoa waraka wa sera uliofungua mlango wa marekebisho ya kiuchumi, na Desemba 1989 hospitali za umma zikaanza kutoza ada. Watafiti waliifuatilia kliniki moja ya Nairobi ya magonjwa ya zinaa katika miezi tisa ya ada. Idadi ya wanaume waliofika ilishuka chini ya nusu ya ile ya awali, na ya wanawake ilipungua kwa karibu theluthi moja. Huo ulikuwa wakati UKIMWI unasambaa jijini. Ada ya wagonjwa wa nje iliondolewa Septemba 1990, ikarudishwa baadaye kwa awamu. Miaka michache tu baada ya mgonjwa kuambiwa hazina haina kitu, hazina hiyo hiyo ililipa mabilioni ya shilingi kama fidia ya kuuza nje dhahabu ambayo haikuwepo, katika kashfa ya Goldenberg. Serikali iliyojiita fukara mbele ya mgonjwa ilikuwa tajiri nyuma ya mlango.

Mtindo huo haujaisha. Septemba 2022, akiapishwa, Rais Ruto alisema ruzuku za unga na mafuta hazina tija na haziwezi kuendelea. Pakiti ya kilo 2 ilikuwa imeshushwa hadi shilingi 100 miezi miwili kabla, kutoka zaidi ya 200. Ruzuku ile ilikuwa na kasoro zake, sitaitetea, maana unga ulipotea madukani. Lakini Machi 2023 serikali iliyosema haina pesa ya unga iliteua mawaziri wasaidizi 50, ilhali nafasi zilizotangazwa zilikuwa 23. Mahakama Kuu iliufuta uteuzi huo Julai mwaka huo. Tukaona Mswada wa Fedha wa 2024, wenye pendekezo la kutoza mkate ushuru wa asilimia 16, na ndipo vijana walipoingia barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani.

Mwanasiasa Ekuru Aukot alijaribu kuipunguza serikali kuanzia juu. Mpango wake wa Punguza Mizigo wa mwaka 2019 ulitaka wabunge wapungue kutoka 416 hadi 147, na ulipata sahihi zaidi ya milioni 1. Mabunge mengi ya kaunti yaliukataa. Wanasiasa wengi waliousema vibaya walikuwa mabingwa wa hotuba za kubana matumizi. Walikuwa tayari kubana, ila si kitini pao. Uganda nako, mwaka 2024 serikali iliunganisha mashirika kwa jina la kuokoa pesa, ikiwemo mamlaka ya kahawa ambayo wakulima waliitetea kwa nguvu, huku baraza la mawaziri likibaki na watu zaidi ya 80 na Bunge zaidi ya 500. Na Marekani, Ronald Reagan aliyesema serikali ndiyo tatizo aliondoka madarakani deni la taifa likiwa limekaribia mara tatu ya alivyolikuta. Alipunguza huduma za maskini, akaongeza bajeti ya silaha.

Kuna mfano mmoja wa kubana ambao nauheshimu kama kitendo, mbali na mengine ya utawala uliokifanya. Mwaka 2015 Rais John Magufuli wa Tanzania alifuta sherehe za Desemba za Uhuru wa Tanganyika na kuagiza pesa zake zipanue barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mwananchi aliona kilichokatwa, na aliona kilichonunuliwa kwa pesa hiyo. Ilani ya serikali ndogo isiyoweza kukuonyesha barabara ya namna hiyo ni ilani ya kukunyang'anya.

Serikali kubwa nayo haijitetei yenyewe. Mwaka 2014 vijana wa Huduma ya Taifa kwa Vijana (NYS) waliletwa Kibera wakachimba mitaro, wakajenga vyoo na barabara, na vijana wa mtaani wakapata kibarua. Mwaka uliofuata shilingi milioni 791 zilikuwa zimeibwa kwenye shirika hilo. Mkazi wa Kibera anayesikia "mradi wa serikali" ana sababu nzuri ya kukunja uso. Ndiyo maana wanasiasa wa serikali ndogo hupata masikio hata Silanga. Wanauza dawa ya ugonjwa halisi, na wanaupaka mguu usiouma. Mwizi wa NYS hakuwa mfereji wala mkaguzi wala muuguzi.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Mgombea akifika Silanga na wimbo wa kupunguza serikali, mkazi ana haki ya kumwuliza kwa shilingi. Mtungi utakuwa bei gani baada ya wewe kupunguza, na nani ataidhibiti siku mfereji umekauka? Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, kwa hiyo swali hilo si la kuomba hisani. Mbunge alipangiwa mshahara wa shilingi 725,502 kwa mwezi mwaka 2023, thamani ya mitungi 145,000: je, umo kwenye orodha ya utakavyovipunguza, au orodha inaanzia kwa mwalimu wa gredi 1? Ardhi ya umma iliyo chini ya vyumba hivi, utaipa hati kwa jina la nani? Na wewe mwenyewe, mheshimiwa, una vyumba vingapi Kibera?